Mkanda wa taiming haununuliwi kwa jina la gari

Ukisimama mbele ya kaunta ya duka la spea pale Gerezani, Dar es Salaam, ukasema, "Naomba taiming belti ya Forester," mkanda utaupata. Muuzaji hakosi cha kukupa. Atatoa boksi, atalifuta vumbi na kukwambia: "Hii ndiyo yenyewe bosi, orijino, mafundi wote wanachukua hii." Na inawezekana kabisa mkanda ule ni mpya, mzima, wa kampuni yenye jina, na bado si wa injini yako.

Natumia Forester, gari la Subaru, kwa sababu ndiyo ninayoendesha, na ndiyo niliyosimama pembeni yake tangu boneti inafunguliwa mpaka inafungwa. Ni ile yenye chasisi SG5, iliyotengenezwa kati ya mwaka 2002 na 2007, ambayo imejaa barabarani Dar, Arusha na Nairobi. Wengi wanadhani ukishasema SG5 umemaliza. Hujamaliza. SG5 zilizouzwa Japani zilikuja na injini ya lita 2.0 za aina mbili. Ile ya kawaida isiyo na turbo ina kamshafti (shafti inayofungua na kufunga valvu) moja kila upande, kwa hiyo mkanda unazungushwa kwenye spoketi, yaani gurudumu la meno, mbili za kamshafti. Ile ya turbo ina kamshafti mbili kila upande, spoketi nne. Zote mbili watu wanaziita EJ20, na kwenye kibao cha chasisi zote zinaanza na SG5, lakini mikanda yake ni tofauti kwa urefu na kwa namba.

Forester iliyofuata, SH5, inachanganya zaidi. Forester ya SH5 isiyo na turbo ilitoka mwishoni mwa 2007 ikiwa na EJ20 yenye kamshafti nne na mkanda. Oktoba 2010 Subaru wakabadilisha injini, wakaweka FB20, ambayo haina mkanda kabisa, ina cheni. Kwa hiyo magari mawili yanayofanana sura, yameegeshwa sehemu moja, moja lina mkanda wa kubadilisha na jingine halina. Nimewahi kumsikia mtu akipigiwa hesabu ya mkanda wa taiming wa gari lenye cheni. Wenye Toyota nao wajue hili: IST na Vitz zenye injini ya 1NZ, na Premio na Allion zenye 1NZ au 1ZZ, zinatumia cheni. Mwenye Hiace au Prado ya dizeli yenye 1KD ana mkanda, na matoleo mengi yana taa ya T-BELT kwenye dashibodi inayowaka umbali uliowekwa ukifika. Ikiwaka, usiizime tu kwa kuwa gari bado linatembea vizuri.

Hilo la "gari bado linatembea vizuri" ndilo linaloua injini. Mkanda wa taiming haulalamiki. Breki zikiisha utasikia kelele, klachi ikiisha gari litapoteza nguvu, betri ikichoka starta itazunguka kwa uvivu. Mkanda hukaa kimya hadi sekunde unapokatika, na gari linazima hapohapo. Ukipiga starta unasikia injini inazunguka haraka na kwa wepesi usio wa kawaida, kwa sababu valvu hazifunguki na kufunga inavyotakiwa na mgandamizo umepotea. Mtu mwenye kiherehere hupiga starta tena na tena pale barabarani, na kila akipiga anaongeza hasara.

Kazi ya mkanda ni kuifunga krenkishafti, shafti inayozungushwa na pistoni, na kamshafti katika mwendo mmoja. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja, bila kuteleza hata jino moja. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufunga mara 25 kwa sekunde, na pistoni inapanda hadi karibu kabisa na mahali valvu ilipokuwa. Kwenye baadhi ya injini za zamani za Toyota, kama 4A-FE na 3S-FE, nafasi imeachwa ya kutosha, mkanda ukikatika pistoni na valvu hazikutani, unaweka mkanda mpya unaendelea na safari. EJ20 za hizi Forester haziko hivyo. Mkanda ukikatika kamshafti zinasimama na baadhi ya valvu ziko wazi, pistoni zinakuja kwa kasi ileile na kuzipinda. Hapo hujadili tena bei ya mkanda. Unajadili kushusha injini, kung'oa hedi mbili, valvu, gasketi na siku za gari kukaa gereji.

Nani alikuja na wazo la kuiweka injini nzima mikononi mwa mkanda wa mpira? Gari la kwanza kuzalishwa kwa wingi likiwa na mkanda wa meno kwa ajili ya kamshafti ni Glas 1004 ya Ujerumani, mwaka 1962. Mkanda ni mwepesi, hauna kelele, hauhitaji kuogeshwa kwa oili, na ni rahisi kutengeneza. Ndani ya mpira kuna nyuzi za fibaglasi ambazo ndizo zinazobeba mzigo, na upande wa meno umevikwa kitambaa cha nailoni. Hizo nyuzi za fibaglasi ndizo sababu mkanda haukunjwi, haupindwi nje ndani, wala haufungwi kama kamba. Ukiukunja sana nyuzi zinavunjika ndani, na kwa nje huoni kitu. Kila nikipita kwenye duka nikaona mikanda imetundikwa kwenye msumari nje ya boksi, jua linaipiga, naumia. Mkanda huo sinunui hata ukiwa na jina gani.

Sasa, ubadilishwe lini? Japani Subaru walielekeza kilomita 100,000. Marekani kwa injini kama hizi walisema maili 105,000 au miezi 105, chochote kitakachotangulia. Maili hizo ni karibu kilomita 169,000, na miezi hiyo ni miaka minane na miezi tisa. Watu wetu husoma kilomita peke yake. Miezi hawaigusi. Mpira unazeeka hata gari likiwa limelala. Forester ya 2005 inayosoma kilomita 80,000 kwenye dashibodi, hata kama namba hiyo ni ya kweli, mkanda wake wa kiwandani umeshapita umri mara mbili.

Na kilomita zenyewe hazisemi ukweli wote kwa mtu wa Dar. Fanya hesabu hii. Ukiwa barabara kuu kwa kilomita 100 kwa saa, injini ikizunguka 2,500 kwa dakika, mkanda unabeba mizunguko 1,500 ya krenki kwa kila kilomita. Ukiwa kwenye foleni ya jioni, unasogea kilomita tano kwa saa nzima, injini iko kwenye 700 kwa dakika, hapo kila kilomita moja imebeba mizunguko 8,400. Zaidi ya mara tano. Feni inawaka, joto limefungiwa chini ya boneti, na dashibodi inaandika kilomita tano tu. Kwa hiyo mtu anayetoka Mbagala au Kimara kila siku kwenda mjini asijipangie ratiba ya mkanda sawa na anayekaa Njombe. Mimi msimamo wangu ni kilomita 80,000 au miaka saba, na sijutii zile elfu ishirini ninazoziacha.

Kuna ushahidi mmoja mzuri ambao wanunuzi wengi wa magari yanayotoka Japani huupita bila kuutazama. Gereji za kule zikibadilisha mkanda mara nyingi hubandika stika ndogo: kwenye kifuniko cha mkanda, ndani ya boneti, au kwenye fremu ya mlango wa dereva. Ina tarehe na kilomita. Maandishi ni ya Kijapani, lakini kamera ya simu siku hizi inayasoma. Tatizo ni mwaka, kwa sababu mara nyingi hawaandiki wa kwetu, wanaandika wa utawala wa mfalme. Ukiona H au alama ya Heisei, jumlisha 1988: H22 ni 2010. Ukiona R, yaani Reiwa, jumlisha 2018: R1 ni 2019. Linganisha kilomita za kwenye stika na zile za dashibodi, halafu na zile zilizoandikwa kwenye cheti cha gari kutoka Japani. Ikiwa stika inasema mkanda ulibadilishwa kwenye kilomita 102,000 na dashibodi leo inasoma 76,000, umejua mambo mawili kwa mara moja: mkanda uliwahi kubadilishwa, na dashibodi imerudishwa nyuma. Pasipo na stika wala karatasi, lihesabu gari hilo kuwa mkanda haujaguswa tangu kiwandani, lipeleke likabadilishwe kabla hujaanza nalo safari ya Moshi.

Turudi dukani, maana hapo ndipo pesa inapopotea.

Kitu cha kwanza kwenda nacho si jina la gari, ni namba tatu: namba kamili ya chasisi, ule msimbo mrefu wa modeli ulio kwenye kibao ndani ya boneti, na namba ya injini. Magari ya soko la Japani hayana zile herufi na tarakimu 17 tunazoziona kwenye magari ya Ulaya. Yana namba fupi kama SG5 ikifuatiwa na mstari na tarakimu sita. Muuzaji mwenye katalogi anaingiza hiyo na inamletea injini, mwezi wa kutengenezwa na namba ya spea. Namba ya injini nayo isome kwenye bloki yenyewe, karibu na inapokutana na gia boksi, kisha ilinganishe na kadi ya gari. Hili si la kupuuza huku kwetu. Injini za mtumba zinabadilishwa kila siku, na gari lililozaliwa bila turbo linaweza leo kuwa na bloki ya gari jingine. Katalogi inajua kilichotoka kiwandani. Haijui kilichofanyika gereji ya uani miaka sita iliyopita. Hata boneti yenye tundu la kupitishia hewa, ambayo kwa SG5 ndiyo ishara ya turbo, inaweza kuwa imefungwa kwa ajili ya urembo.

Namba za mikanda ya Subaru huanzia 13028, ikifuatiwa na herufi AA na tarakimu nyingine. Za Toyota huanzia 13568. Andika namba yote, hadi tarakimu ya mwisho, maana hapo mwishoni ndipo tofauti ya kamshafti mbili na nne ilipo. Ukishakuwa na namba hiyo, muuzaji ndiye anayekufuata wewe. Maneno yanabadilika. Badala ya "hii inaingia Forester zote" utasikia "ngoja nimpigie jamaa wa duka la juu."

Neno "inaingia" liogope. Mkanda uliozidi jino moja au mawili unaweza kuingia. Tenshena, kile kifaa kinachoukaza mkanda, itasukuma hadi karibu na mwisho wake, alama za kupangia spoketi zitaonekana kama zimekaa, gari litawaka. Halafu mkanda ukichoka kidogo tenshena haina tena pa kusogea, unalegea, unaruka jino. Kwa hiyo kabla fundi hajaufunga, uwekeni mpya juu ya wa zamani, mhesabu meno, mlinganishe upana na umbo la jino. Ni kazi ya dakika chache kwa watu wawili, mmoja anahesabu mwingine anaandika.

Kuhusu kampuni, sina ushabiki. Mitsuboshi na Bando ni za Japani na zinatengenezea viwanda vya magari, Gates ni ya Marekani, Contitech ni ya Ujerumani, na zote ukizipata halisi ni mikanda ya kuaminika. Shida ni neno hilo: halisi. Majina haya ndiyo yanayoigwa. Mkanda halisi una maandishi makali mgongoni, yasiyofutika ukiyasugua kwa kidole, na namba iliyo kwenye mkanda inakubaliana na iliyo kwenye boksi. Meno yamekatwa sawasawa, kingo hazina nyuzi zinazochomoza. Kuna bei ambayo ukiisikia tu unajua mkanda haukutoka kule boksi linakosema. Mimi nanunua kwa duka linaloandika namba ya spea kwenye risiti. Asiyetaka kuandika namba simlazimishi, naondoka.

Usinunue mkanda peke yake. Hapa ndipo nabishana na marafiki zangu kila mara, na nitaendelea kubishana. Injini ya Subaru imelala, hedi moja kulia na moja kushoto, kwa hiyo mkanda unasafiri mbali na kuongozwa na puli kadhaa zenye beringi, moja ikiwa na meno. Mkanda huohuo unazungusha wota pampu. Tenshena ya oili inaukaza. Vyote hivi vina umri sawa na mkanda uliotolewa. Jirani yangu alifungiwa mkanda mpya, mzuri, na gereji moja ikamwachia puli za zamani kwa maelezo kwamba bado zinazunguka. Beringi ya puli yenye meno ikajam njiani akitoka Chalinze, ikaula mkanda mpya, valvu zikapinda. Mkanda haukuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo uliza kifurushi kizima: mkanda, tenshena, puli zote, wota pampu na gasketi yake. Aisin wanauza kifurushi cha hivi kwa ajili ya EJ20, na ndicho nilichochagua, kwa sababu sehemu zilizomo ni za watengenezaji wa Kijapani wanaojulikana. Ongeza oili sili ya mbele ya krenki na za kamshafti. Ni vitu vidogo, vya bei ndogo, lakini sili ikivuja oili inamwagikia mkanda, na mpira ulioloa oili hauna maisha. Ongeza thamostati, kwa sababu kwenye injini hizi za EJ inakaa palepale kwenye wota pampu, na kulanti (kimiminika cha kupozea injini) itakuwa imeshamwagwa. Ukiihitaji mwakani utalipa kazi ya kulanti mara mbili.

Siku ya kazi mimi husimama pale. Fundi wangu wa Sinza, mzee mwenye subira, hanioni kama namchunga. Ananipa tochi nishike. Kuna mambo manne matano ninayotaka kuyaona kwa macho.

La kwanza ni alama. Kwenye spoketi ya krenki ya EJ kuna mshale mbele, na kuna mstari mdogo nyuma kwenye kijino chembamba. Kinachotakiwa ni ule mstari. Mshale unamvuta kila anayeizoea Toyota, na aliyepanga kwa mshale amepanga vibaya. Vivyo hivyo kwenye spoketi za kamshafti kuna mishale na kuna mistari, na mkanda unafungwa kwa mistari. Kwenye injini ya kamshafti nne, zile za upande wa kushoto zinasukumwa na springi za valvu, ukiziachia zinaruka zenyewe, na ukizizungusha ovyo valvu zinagongana. Hapo mzee huwa haongei na mtu.

La pili ni tenshena. Inabanwa kwenye vaisi ikiwa wima, polepole sana, mpaka matundu yakutane ichomekwe pini. Anayeibana kwa haraka ili awahi anaharibu sili ya ndani na hatojua leo.

La tatu: mkanda ukishakaa na pini ikatolewa, krenki inazungushwa kwa mkono, kwa spana, mizunguko miwili kamili, halafu alama za spoketi zinaangaliwa upya. Ile mistari myeupe iliyochorwa kwenye mkanda mpya haitarudi kwenye alama baada ya mizunguko hiyo, na hilo ni sawa, ilikuwa ya kusaidia kufunga tu. Ila alama za spoketi lazima zirudi. Ukigonga kitu kigumu wakati unazungusha, simama. Kwa mkono hujavunja kitu bado. Kwa starta utakuwa umevunja.

Kabla mkanda mpya haujafungwa, mzee hushusha pampu ya oili na kukaza skrubu za mgongoni mwake, kwa sababu kwenye EJ zinajulikana kulegea. Na kwa gari la gia za mkono anahakikisha kile kipande cha chuma kinacholinda mkanda karibu na krenki kimerudishwa, na kati yake na mkanda pana nafasi ya milimita moja hivi. Nimeona magari ambayo kipande hicho kimeachwa kwenye ndoo ya boliti. Kazi yake ni kuuzuia mkanda usiruke pale injini inaporudi nyuma, kama gari limeegeshwa mlimani likiwa kwenye gia.

Boliti ya krenki puli inakazwa kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo. Sikubali ya kukadiria. Ikilegea, puli inacheza na kula kile kifunguo kinachoishikilia kwenye krenki, na krenki yenyewe inaharibika.

Kulanti ijazwe taratibu, ile yenyewe, si maji ya bomba. Subaru huficha hewa kwenye mfumo, kwa hiyo injini iachwe iwake kifuniko cha rejeta kikiwa wazi, kuanzia ikiwa baridi, hita imefunguliwa hadi mwisho, mpaka povu liishe na hewa ya moto itoke ndani ya gari. Hita ikitoa hewa baridi wakati injini imeshapata moto, hewa bado imo, na gari lisitoke gereji.

Mwisho naomba vilivyotolewa vyote nirudi navyo nyumbani: mkanda, puli, pampu. Hiyo inanihakikishia kwamba vimetolewa kweli, na vinanipa cha kusoma. Puli ya zamani ukiizungusha sikioni na ikakwaruza, au pampu ikawa na alama ya kulanti iliyokauka kwenye tundu lake dogo la chini, umejua gari lilibakiwa na muda kiasi gani. Namba ya mkanda mpya naipiga picha kabla haijafunikwa, naihifadhi pamoja na risiti na kilomita za siku hiyo. Baada ya wiki moja naangalia chini ya injini asubuhi, kabla sijaiwasha, kama pana tone lolote la oili au kulanti kwenye sakafu.